Aliyeandika Kwanza Si Mwenye Mji

Katika michezo ya kuigiza mtandaoni kuna kanuni moja naichukia kuliko zote: wa kwanza kuandika ndiye mwenye eneo. Kama hujawahi kucheza, mambo ni hivi. Watu kadhaa mnakutana kwenye kundi, kila mmoja na mhusika wake: huyu sultani, yule nahodha, mwingine mganga. Kuna ramani. Unaandika, "Kisiwa hiki ni changu, ukoo wangu umeishi hapa miaka mia tatu," admini anakitia rangi yako, imekwisha. Atakayekuja baada yako ni mgeni, hata kama ndiye aliyekitungia kisiwa hicho visima, misikiti na majini yake.

Kundi ninalocheza mimi lina ramani ya pwani ya kubuni, lakini ukiitazama vizuri utaona ni Kwale hii hii: vilima kama vya Shimba, ghuba kama ya Gazi, mikoko, visiwa kusini. Msimu uliopita mchezaji mmoja wa Msambweni alijenga bandari kwa miezi minne. Aliandika bei za pweza, ugomvi wa mashua, harusi, hata mazishi. Kisha usiku mmoja ikatangazwa, kwa Kiingereza, kwamba madai yote yanaanza upya na mwisho ni baada ya saa 24. Bando lilikuwa limemwishia. Aliporudi, bandari yake ilikuwa na bendera ya mtu aliyejiunga wiki ile ile. Alipolalamika aliambiwa maneno matatu tu: kanuni ni kanuni. Alipozidi akaongezewa mengine: si ni mchezo tu?

Sawa, ni mchezo. Basi tuseme mchezo huu ni wa nani, maana hapa kwetu uliwahi kuchezwa bila kompyuta.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya ukanda wa pwani, ule wa maili 10 ambao Waingereza walikuwa wameukodi kwa Sultani wa Zanzibar tangu 1895. Utaratibu wake ungemfurahisha admini yeyote. Mwenye ardhi aje, ataje mipaka, alete ushahidi, aandikishwe. Ardhi ambayo hakuna aliyekuja kuidai ikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Waliozoea karatasi na ofisi walifaidi. Wadigo na Wamijikenda wenzao wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ushahidi wake ni minazi, makaburi na kumbukumbu za wazee, walibaki nje ya daftari. Hawakuhama. Waliendelea kulala pale pale na kulima pale pale. Kilichobadilika ni jina lao tu: wenyeji wakawa maskwota.

Ndiyo maana nikisikia kijana wa Ukunda anasema "angewahi kuandika" natamani kumuuliza babu yake aliandika wapi.

Na usidhani ni mambo ya wakoloni peke yao. Mwaka 2016 sheria ya Kenya ilirekebishwa, Tume ya Taifa ya Ardhi ikapewa kazi ya kupokea madai ya dhuluma za kihistoria za ardhi. Habari njema, bila shaka. Ila madai yalitakiwa yaletwe ndani ya miaka mitano, na Septemba 2021 muda huo ukatimia. Yaani dhuluma iliyodumu zaidi ya karne ikawekewa saa ya ukutani. Aliyepata habari mapema, mwenye wakili na nauli, aliwahi. Bibi wa kijijini ambaye hakuna aliyemfikishia tangazo, muda ukampita.

Wanaoitetea kanuni hii wana hoja moja wanayoipenda: aliyenyamaza amekubali. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 12 Oktoba 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu ya mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia. Kenya ilikuwa imeutangaza mstari wake tangu 1979, ikasema Somalia ilikaa miaka yote ile bila kupinga, kwa hiyo iliridhia. Majaji hawakushawishika. Kimya peke yake, katika mazingira yale, hakikutosha kuwa kibali. Serikali yetu iliikataa hukumu, lakini funzo linabaki: huwezi kupiga mstari kwenye ramani, ukasubiri jirani anyamaze, kisha ukaita kimya chake sahihi.

Sasa niwape wapinzani wangu haki yao. Wanasema bila kanuni ya kuandika, ramani itajaa mizimu: mtu anadai milima mitatu, anatoweka, na wanaotaka kucheza hawana pa kusimama. Hilo ni kweli, na hapo niko upande wao. Eneo lisilotumika lirudi kwa wote. Tena nawaambia hiyo ndiyo kanuni ambayo pwani imeililia miaka mingi, kwa sababu mizimu ya kwetu ina hati. Kuna mashamba Kwale ambayo mwenye hati hajaonekana vizazi viwili, na waliolima siku zote ndio wanaofukuzwa. Hata sheria ya Kenya inalijua jambo hili: aliyekalia ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani aombe aandikishwe kuwa mmiliki. Kwa hiyo sheria yenyewe inakiri kwamba kukaa nako ni ushahidi. Mbona admini wetu wanakataa kukiri?

Ukitaka kuona mpaka uliowekwa kwa heshima, nenda Kaya Kinondo, pale Diani, moja ya misitu ya kaya iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kabla hujaingia unaambiwa masharti. Unafungwa kaniki. Unaelezwa huruhusiwi kuondoka na kitu, hata jani. Hakuna anayekuvizia ndani akakwambia umevunja sheria ambayo hukusomewa. Masharti ni makali, lakini yako mlangoni, na yanasemwa na watu wanaoujua msitu, si na mtu aliyeuona kwenye ramani jana usiku.

Ninachodai kwa makundi yetu si kikubwa. Kanuni zikibadilishwa, zitangazwe kwa lugha ambayo wachezaji wanaongea, na muda uwe wa siku, si wa saa, maana si kila mtu ana Wi-Fi ya kudumu nyumbani. Hadithi ulizoandika kuhusu mahali zihesabiwe kuwa ushahidi, na zipite fomu. Aliyetoweka apoteze eneo, lakini baada ya kuulizwa. Na admini mwenye mhusika kwenye ramani asiamue kesi ya eneo linalopakana na lake. Kwa nini hili la mwisho lihitaji hata kuandikwa, mimi sijui.

Mtaniambia nimelikuza jambo. Lakini wachezaji wengi wa kundi letu wana miaka 17, 18, 20. Kesho mmoja wao atakuwa karani wa ardhi, mwingine wakili, mwingine mwakilishi wa wadi. Wanajifunza sasa hivi, usiku, kwenye simu, jinsi ya kumtazama mtu aliyejenga mahali na kumwambia: hukujaza fomu, toka. Wanajifunza kwamba ukishasema hivyo, mchezo unaendelea na hakuna kinachokupata. Hayo mazoezi mimi siyataki. Mrudishieni mtu wa Msambweni bandari yake, kisha tuendelee kucheza.