Waalimu Wetu Wanakwenda Wapi?

Sisi makarani tunaoshika daftari za majina kwenye migodi ya dhahabu upande wa Fizi tunaona jambo ambalo wakubwa wa Kinshasa hawalioni. Anakuja kijana mwenye shati safi kuomba kazi ya kubeba mawe. Tukimpa kalamu atie sahihi, mwandiko wake unamtangaza: ni mwalimu.

Hapa Uvira watu husema waalimu wa siku hizi wanapenda pesa. Maneno hayo si ya haki.

Kwa miaka mingi mshahara wa serikali ulikatwa kwa kanda: mwalimu wa Kinshasa juu, wa miji mikubwa chini yake, wa kijijini chini kabisa. Cheti ni kilekile, chaki ni ileile. Nani alipima akaona kwamba watoto wa mwalimu wa Sange au Baraka wana njaa ndogo? Mwaka 2004, kule Mbudi, serikali ilipatana na vyama vya wafanyakazi kwamba hata tarishi apate dola 208 kwa mwezi. Mwaka 2021 yakaja mapatano mengine, ya Bibwa. Septemba 2024, huku Kivu, masomo yakafunguliwa kwa mgomo.

Tangu miaka ya 1990 aliyemlisha mwalimu ni mzazi. Septemba 2019 serikali ikafuta malipo hayo katika shule za msingi, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza. Tulishangilia, na hatutaki yarudi, maana tunawajua wasichana walioingia darasani kwa sababu hiyo tu. Lakini mwalimu asiye na namba ya serikali (nao ni wengi) alinyang'anywa sahani moja kabla ya kupewa nyingine, na watoto darasani wakaongezeka. Sekondari wazazi wakaendelea kulipa. Basi hodari wa msingi akahamia huko, na asiyepata nafasi akanunua pikipiki ya kubeba abiria, au akaja kwetu.

Tusiwasahau wa milimani. Mwalimu wa Minembwe akishuka kufuata mshahara, njia yenyewe inakula sehemu yake. Na vita vilipofika Bukavu Februari 2025, benki zikafungwa.

Tunadai nini? Kanda za mishahara zifutwe kabisa, si kwa maneno. Kila anayefundisha apewe namba. Na wa kijijini aongezewe posho badala ya kupunguzwa, kwa sababu yeye ndiye asiye na daktari wala soko karibu.

Mmoja wao tulimwuliza anafundisha darasa gani. Akajibu, "La sita, karani. Wanangoja mtihani." Tukamwuliza nani yuko nao sasa. Akasema amewaachia mdogo wake, ambaye naye alimaliza la sita mwaka jana.