Mwili Sanifu ni wa Nani? Jeni, Sigara na Wajibu wa Wanakiswahili

Sote tuliopitia madarasa ya isimujamii tunaikumbuka historia ya usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mnamo 1930 Kamati ya Lugha ikaundwa ili kuitekeleza kazi hiyo. Mjadala kuhusu uamuzi huo haujaisha, na wenzetu wa Lamu na Mombasa hawachoki kutukumbusha kilichopotea. Hata hivyo, lipo jambo moja tusilobishania: mtu aliyekichunguza Kiunguja peke yake, kisha akatangaza kuwa amezifahamu Kiamu, Kimvita, Kipate na Kitikuu, huyo hajafanya utafiti. Amejumlisha tu.

Nalianza kwa mfano huu kwa sababu kosa tunalolikataa katika lugha linatendeka kila siku katika utafiti wa dawa, na wengi wetu hatuna habari. Makala haya yanahusu dawa zinazowasaidia watu kuacha kuvuta sigara. Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika uwanja wa madaktari. Naomba subira yake, jibu linakuja.

Mjomba wangu alivuta sigara kwa zaidi ya miaka thelathini. Alijaribu kuacha mara tatu, na mara zote tatu akarudi. Jamaa walimwita mtu asiye na azma. Mhudumu wa afya alimwambia kuwa kuacha ni kuamua tu, akamwandikia dawa ya kifua na kumruhusu aende zake. Hakuna aliyemwambia kwamba nikotini hushika vipokezi vya ubongo kwa nguvu, wala kwamba ziko dawa za kuilegeza nguvu hiyo. Nami pia nilikuwa miongoni mwa waliomlaumu.

Sayansi inasema nini? Mtu avutapo sigara, ini lake huivunja nikotini kwa msaada wa kimeng'enya kinachotokana na jeni iitwayo CYP2A6. Jeni hiyo ina sura nyingi. Wako watu ambao ini lao huivunja nikotini upesi, hivyo kiu ya sigara huwarudia mapema. Na wako ambao huivunja polepole. Mnamo 2015 matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa Marekani na Kanada yalichapishwa. Watafiti walipima kwanza kasi hiyo katika damu, kisha wakalinganisha kibandiko cha nikotini na vidonge vya vareniklini. Kwa wenye kasi ya kawaida, takribani 38 katika kila 100 waliotumia vareniklini walikuwa wameacha sigara mwishoni mwa matibabu, ilhali waliotumia kibandiko walikuwa takribani 22. Kwa wenye kasi ndogo, dawa hizo mbili hazikutofautiana sana kwa manufaa, lakini vareniklini iliwaletea maudhi zaidi. Kwa ufupi, dawa inayomfaa jirani yako si lazima iwe ndiyo bora kwako, na sababu moja imo ndani ya ini.

Hapo ndipo suala la anuwai linapoingia. Sura za jeni hiyo hazikusambaa sawasawa duniani. Ipo moja, yenye nambari 17, inayopunguza kasi ya kimeng'enya na ambayo hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Ni nadra mno kwa Wazungu. Kwa upande mwingine, badiliko maarufu katika jeni ya kipokezi iitwayo CHRNA5, lililoandikwa sana tangu 2008 kuwa linahusiana na uzito wa uvutaji, ni la kawaida Ulaya na ni adimu kwa Waafrika. Kwa hiyo, aliyetafuta Ulaya pekee angeliona hilo la pili na kulikosa la kwanza. Naam, wengi walitafuta huko. Tathmini iliyochapishwa 2019 ilionyesha kwamba kati ya watu walioshiriki katika tafiti za kuchunguza jenomu nzima, takribani 78 katika kila 100 walikuwa na asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa 2 tu. Ajabu ni kwamba Afrika ndiyo yenye anuwai kubwa zaidi ya jeni kuliko bara lingine lolote. Kisima kirefu zaidi ndicho kilichotekwa maji kidogo zaidi.

Yapo maendeleo, na ni haki kuyataja. Mradi wa H3Africa ulianza kufadhili watafiti wa Kiafrika mnamo 2012. Uchunguzi wa 2022 kuhusu tumbaku na pombe ulihusisha watu wapatao milioni 3.4, na takribani 21 katika kila 100 hawakuwa wa asili ya Ulaya. Mwaka huohuo jaribio lililowahusu Wamarekani Weusi 500 lilionyesha kwamba baada ya wiki 26, walioacha sigara miongoni mwa waliopewa vareniklini walikuwa 15.7 katika kila 100, dhidi ya 6.5 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wengi wa watu hao huvuta sigara chache kwa siku, na majaribio ya awali aghalabu yaliwaacha nje wavutaji wa aina hiyo.

Hata hivyo, sharti tujihadhari na njia ya mkato. Mmarekani Mweusi si badala ya Mkenya. Asili yake kwa sehemu kubwa ni Afrika Magharibi na ya Kati, tena imechanganyika na ya Ulaya. Hapa kwetu kuna Wabantu, Waniloti na Wakushi, na Pwani ina karne nyingi za kuoana na watu wa ng'ambo. Kuyachukua matokeo ya Chicago na kuyabandika Lodwar ni kukifanya Kiunguja kuwa Kitikuu kwa mara ya pili.

Wapo watakaopinga kwamba mjadala wa jeni na asili unafungua mlango wa ubaguzi wa rangi. Hofu hiyo ina mashiko, kwani historia ya ukoloni inatufundisha jinsi sayansi ilivyotumiwa kuwapanga watu madaraja. Lakini jibu lake limo ndani ya sayansi yenyewe: kinachopimwa ni kasi ya ini la mtu mmoja. Rangi ya ngozi haipimi chochote hapo. Isitoshe, Wamarekani Weusi kwa wastani huivunja nikotini polepole, jambo ambalo kwa wengine huandamana na wepesi wa kuacha. Lakini wao hujaribu zaidi na kufaulu kwa uchache zaidi. Mbona? Matangazo ya sigara za mentholi yaliyowalenga kwa miongo mingi, umaskini na uhaba wa matibabu ni sehemu ya jibu. Jeni haiishi peke yake. Huishi katika jamii.

Wengine watasema kwamba haya ni anasa kwa nchi ambayo mvutaji wa kawaida hajawahi kukiona hata hicho kibandiko. Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulikadiria kuwa watu wazima milioni 2.5 nchini Kenya walitumia tumbaku. Nakubali: dawa kwanza. Shirika la Afya Duniani liliziingiza vareniklini na bupropioni katika orodha ya dawa muhimu mnamo 2021, na hatuna sababu ya kusubiri ramani ya kila jeni ndipo tuzidai hospitalini. Lakini madai hayo mawili hayagombani. Tukizileta dawa bila kuwachunguza watu wetu, tutawapa kwa kubahatisha. Na kila atakayeshindwa ataitwa mtu asiye na azma, kama mjomba.

Sasa nirudi kwa lile swali la mwanafunzi wa fasihi. Miaka michache iliyopita niliajiriwa kwa muda kutafsiri fomu ya ridhaa ya utafiti mmoja wa afya. Fomu iliwaomba washiriki damu ili jeni zao zichunguzwe. Nikidhani ninamrahisishia msomaji, niliandika "asili iliyomo katika damu ya ukoo wako". Fomu ilipojaribiwa, mzee mmoja aliisoma, akaiweka mezani, akauliza kwa upole ukoo wake umeshukiwa kwa laana gani. Hakutia sahihi. Sikuweza kumlaumu, yeye alisoma nilichoandika.

Siku hiyo nilitambua kwamba Mwafrika hukosekana katika tafiti hizi kwa sababu nyingi, na mojawapo ni yetu sisi. Tunayo maneno "jeni", "kimeng'enya" na "ridhaa", lakini yamelala katika kamusi. Hatujayafafanua kwa mifano, hatujayajaribu kwa wasomaji wa kawaida, wala hatujayafundisha katika kozi zetu za tafsiri. Sheria ya tumbaku ya 2007 iliagiza onyo kwenye pakiti liandikwe pia kwa Kiswahili. Hivyo basi, mvutaji anatishwa kwa Kiswahili, ilhali msaada na utafiti vinamngoja kwa Kiingereza. Huo si usawa.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, idara zetu zishirikiane na vitivo vya tiba kuandaa fomu za ridhaa, na kila fomu isomwe na watu wa kawaida kabla ya kutumiwa. Pili, tasnifu za istilahi zitoke katika kuorodhesha maneno na kuingia katika kupima kama maneno hayo yanaeleweka kwa mtu aliyeketi kwenye benchi la zahanati.

Mjomba angali hai, na angali anavuta. Juzi nilimweleza habari za ini na nikotini kwa Kiswahili, bila kuitaja laana wala azma. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo dawa ipo?" Nilimjibu kwamba ipo, na kwamba bado hatujajua ipi ingemfaa zaidi mtu kama yeye. Sehemu ya pili ya jibu hilo ndiyo deni letu.