Kabla Diski Haijafutwa

Ndugu zetu wa tawi moja la wafanyakazi, ambalo hatutalitaja, walikuwa na kompyuta iliyochoka. Asubuhi karani huiwasha, akaenda kunywa chai, akarudi na kuikuta bado yajikongoja. Akaitwa fundi kijana. Kijana akafanya kama alivyoagizwa: akaifuta diski yote, akaweka upya Windows 7, mfumo ule ule uliokuwamo tangu mashine iliponunuliwa. Kabla ya adhuhuri mashine ilikuwa yakimbia, na waliokuwapo wakampongeza. Siku ya tatu akaja mjane wa mwanachama kuulizia fedha za mfuko wa kufa na kuzikana. Karani akalitafuta daftari la michango ya miaka minne. Halikuwamo.

Hatuandiki haya ili kumcheka karani, wala kumlaumu fundi. Aliyeagiza diski ifutwe hakuuliza mna nini ndani yake, na aliyefuta hakuambiwa. Twaandika kwa kuwa kazi hii ya kufuta diski na kurudisha mfumo wa zamani si ngeni katika ofisi zetu, na watu husemezana juu yake kwa pande mbili. Sisi hatuwezi kuukubali upande wowote wote mzima.

Wako mabwana wasemao kwamba kompyuta ya zamani ni takataka, itupwe, inunuliwe mpya. Maneno hayo ni mepesi kwa yule asiyelipa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, isipokuwa kwa walioingia katika mpango wake wa nyongeza ya muda. Windows 11 nayo, kwa kanuni zake, haikubali mashine isiyo na chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakato cha miaka ya karibuni. Basi mashine nzima, yenye kioo kizima na kibodi nzima, yahesabiwa maiti kwa kalenda ya mwenye duka! Windows XP iliridhika na megabaiti 128 za kumbukumbu. Windows 7 ilitaka gigabaiti 1. Windows 11 yataka gigabaiti 4 kwa uchache. Barua ya karani haikurefuka hata kidogo katika miaka hiyo yote. Wafanyakazi waliochanga shilingi zao kununua mashine wana haki ya kuitumia hadi ifie mikononi mwao, na hapo hatuna haya kusema kwamba tuko pamoja na tawi lile.

Lakini wako wengine wasemao, rudisha ile ya zamani tu, mambo yamekwisha. Hao nao twawaomba wasikilize.

Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliachwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, ilikoma kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Januari 2020. Kila mfumo mkubwa una matundu ambayo waliouandika hawakuyaona. Wakati wa huduma, tundu likigunduliwa hutolewa kiraka cha kuliziba. Huduma ikikoma, tundu litakaloonekana kesho hubaki wazi, na wezi wanajua. Tena liko jambo ambalo wengi hawalifikiri. Mfumo ukiwekwa upya kutoka katika sahani ya zamani, hurudi kama ulivyokuwa siku sahani ilipotengenezwa. Viraka vyote vilivyoingizwa kwa miaka mingi vimekwenda pamoja na diski iliyofutwa. Hivyo mashine ile iliyoshangiliwa ilikuwa dhaifu kuliko ile iliyojikongoja jana yake.

Yaliyotokea tarehe 12 Mei 2017 hayafai kusahauliwa. Programu ya wizi iitwayo WannaCry ilipita katika kompyuta zaidi ya 200,000 duniani, ikazifunga kazi za watu na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali zilifukuza wagonjwa mlangoni na kuahirisha matibabu. Kiraka cha Windows 7 kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huo, lakini wengi hawakukiingiza. Cha Windows XP kilitolewa kwa watu wote baada ya moto kuwaka.

Taabu nyingine ni ndogo lakini zinaudhi. Ukimaliza kuweka mfumo wa zamani hukuta mtandao haufanyi kazi, kwa kuwa draiva ya kadi ya mtandao haimo. Na draiva hiyo imewekwa huko huko kwenye mtandao. Windows 7 ikiwekwa katika mashine iliyo mpya kuliko yenyewe huweza hata kukataa kibodi na kipanya, maana haikuja na draiva za matundu ya USB 3.0. Asiyekuwa na nakala halali naye hushawishiwa kuchukua programu ya kuvunja kufuli, akaingiza mwizi kwa mkono wake mwenyewe.

Turudi kwenye daftari. Kufuta diski kwa njia ya haraka ni kama kuchana orodha ya vitabu vya maktaba: vitabu vyenyewe bado vimo rafuni, ila hakuna ajuaye vilipo. Kwa hiyo aliyekosea, akizima mashine pale pale, katika diski za kawaida za kuzunguka huenda akaokolewa. Tawi lile halikuzima. Mfumo mzima uliandikwa juu ya diski ile ile, kisha mashine ikatumika siku tatu. Fundi wa pili alipoitwa aliokoa picha za mkutano na barua kadhaa.

Twadai basi kwamba katika ofisi ya wanachama diski isifutwe kwa neno la mtu mmoja. Katibu na mhazini wakae na karani, wafungue kila faili, watoe nakala mbili, moja ikalale nje ya jengo, nao wazifungue katika kompyuta nyingine wahakikishe kwamba zasomeka. Draiva zitafutwe kabla, ziwekwe katika flashi. Na mfumo ulioachwa, ukiwekwa, mashine isiunganishwe na mtandao. Iandike barua na kutunza hesabu, na hiyo si kazi ndogo. Panapohitajika mtandao, iko Linux, iliyoanza mwaka 1991, haina ada, na iko ya namna nyepesi ipewayo viraka hata kwa mashine kongwe. Wasemao kwamba haya ni ya wageni wakumbuke kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huru ya ofisi iliyosema Kiswahili.

Karani wa tawi lile sasa analiandika daftari upya kwa kufuata vishina vya stakabadhi, na vishina vya mwaka mmoja mzima vimeliwa na mchwa. Mjane bado anangoja. Wanachama wa tawi hilo, ambao wanajijua, wenye stakabadhi za miaka hiyo minne, wazipeleke ofisini wiki hii.