Kicheko cha Theluji

Juma hili nataka tuzungumze juu ya sinema za kuchekesha, tena zile ambazo wasomi huzikunjia uso: sinema za watu wanaoteleza juu ya theluji na kuanguka ovyo. Pengine utasema, "Yatuhusu nini sisi? Theluji twaiona kileleni Kilimanjaro tu, nayo iko mbali." Ngoja kidogo. Siku hizi vijana wetu wana simu, na picha za namna hii huingia kijijini kabla gazeti hili halijafika. Afadhali mzazi ajue mtoto wake anacheka nini.

Kwanza mchezo wenyewe. Mtu hufunga miguuni vibao viwili virefu vyembamba, hushika fimbo mbili, akateremka mlimani mbio juu ya theluji. Kupanda, hukaa kwenye kiti kinachoning'inia katika waya mnene wa chuma, nacho humchukua hewani mpaka juu. Ni mchezo wa gharama. Huko Ufaransa kwenyewe watu wengi hawana fedha za kwenda kila mwaka. Lakini vibao vile havijali fedha za mtu. Meneja, daktari, bibi mwenye koti la thamani, wote wakivivaa mara ya kwanza hurudi kuwa watoto wa mwaka mmoja: miguu yapanuka, mikono yapunga, mara chini puu! Kicheko cha namna hiyo hakihitaji mkalimani.

Wamarekani wametengeneza nyingi. Katika "Ski Patrol" ya mwaka 1990, tajiri mwenye tamaa ataka kumpokonya mzee mahali pake pa kutelezea, na kikosi cha vijana wachekeshaji kinasimama upande wa mzee. Mambo ya ardhi, basi. Si mageni kwetu. Lakini nyingine, kama "Hot Dog" ya mwaka 1984, zimejaa ulevi na uchi. Hizo sikufichi, si za watoto, wala sioni mtu mzima anapata nini humo.

Inayonishughulisha zaidi ni ya Wafaransa, "Les Bronzés font du ski", iliyotolewa mwaka 1979. Waliitunga na kuicheza marafiki wa kikundi kimoja cha Paris kiitwacho Splendid. Wanne kati yao walisoma shule moja. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wamecheza nyingine juu ya watalii walioko likizo Afrika, nayo ilipigwa Ivory Coast. Safari hii wakawapeleka watu wale wale mlimani, Val d'Isère, katika nchi ya Savoie.

Yumo mmoja, Jean-Claude Dusse, mtu mwenye kujisifu lakini bahati haimjui. Jioni moja amekaa kwenye kile kiti cha hewani, na mitambo inazimwa. Hakuna aliyemkumbuka. Giza laingia, baridi yauma, naye ananing'inia peke yake; anapiga kelele, hakuna wa kumjibu, basi anaimba. Baadaye kundi zima linapotea mlimani, na wakulima wa huko wanalikaribisha nyumbani. Wanalipa chakula chao cha jibini na pombe yao, na ndani ya chupa mna chura! Wageni wafanye nini? Kukataa ni kumdharau mwenyeji. Wanakunywa huku macho yakiwatoka. Wewe uliyewahi kumwona mgeni wa mjini akikodolea macho bakuli la senene au kumbikumbi utaelewa mara moja.

Ilipotoka haikuvuma sana. Televisheni ndiyo iliyoikuza, kwa kuirudia mwaka hata mwaka, mpaka wazazi na watoto wakajua maneno yake kwa moyo. Mwaka 2006 wachezaji wale wale, sasa wazee wenye mvi, walitoa ya tatu, na tikiti zaidi ya milioni kumi zikauzwa Ufaransa. Wengi walisema haikuwa nzuri kama zile za kwanza, lakini walikwenda. Ni kama hadithi za Abunuwasi: nani asiyejua mwisho wake? Hata hivyo watoto wataka isimuliwe tena, na ukiruka neno moja wanakusahihisha.

Sasa, Mkristo acheke? Milima ile ile ya Savoie ndiyo iliyomzaa Mtakatifu Fransisko wa Sales, mwaka 1567. Papa Pius XI alimweka mwaka 1923 kuwa msimamizi wa waandishi Wakatoliki, kwa hiyo ni mlezi wa gazeti kama hili pia. Katika kitabu chake cha mwaka 1609, alichowaandikia watu wa kawaida walioko duniani, si watawa tu, alitenga vitu viwili. Kumcheka jirani kwa kumdharau alikuhesabu dhambi mbaya. Lakini mzaha mwema baina ya watu wanaoaminiana aliuita fadhila.

Kwa kipimo hicho, Dusse kitini amepita. Twamcheka, na papo hapo twataka mtu aende kumwashia mtambo. Hata wale wakulima wamepita, kwa maoni yangu, maana ni wageni wanaoaibika, si wao. Lakini sinema hiyo hiyo inaifanyia mzaha ndoa. Watu wa ndoa wanadanganyana, nasi twaambiwa tucheke. Hapo mimi sicheki. Na kwa sababu hiyo, baba na mama, msimwachie mtoto simu aitazame peke yake kwa kuwa tu mmesikia inachekesha. Itazameni ninyi kwanza.

Michel Blanc, aliyemcheza Dusse, alifariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 72. Alikuwa amecheza sinema nyingi za maana na kupata tuzo kubwa. Wafaransa wengi walipoomboleza walimkumbuka pale pale juu ya waya, gizani, akiimba.