Elimu ya chembe ndogo isikome langoni mwa chuo

Msafiri atokaye Webuye kwenda Kitale huipita Misikhu kwa kasi, asione ila soko, shule na mashamba ya mahindi na miwa. Laiti angesimama kidogo angewaona pia akina mama na watoto wakitoka chemchemini na mitungi ya maji. Maji hayo huwa maangavu machoni, lakini macho hayawezi kuona kilichomo ndani yake. Swali la mama huyo, yaani kama maji aliyoyateka yatamjenga mtoto au yatamlaza, ndilo swali tunalotaka wasomi wa vyuo vyetu walichukue kuwa lao.

Twasema hivi kwa kuwa siku hizi kuna elimu iitwayo nanosayansi. Ni elimu ya vitu vidogo kupita kiasi. Ukiigawa milimita moja mafungu milioni moja, kila fungu ni nanomita moja. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Maada ikifikia udogo huo hubadili tabia: huwa na eneo kubwa la kunasia uchafu, na baadhi ya madini, kama vile fedha, huua vijidudu kwa wepesi zaidi. Wako wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, na kwamba mwananchi wa Bungoma hayamhusu ndewe wala sikio. Hilo ni kosa.

Ushahidi tunao kwa majirani zetu. Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, nchini Tanzania, alijua tangu utotoni adha ya maji machafu. Alisoma hadi akapata shahada ya uzamivu nchini Korea Kusini, kisha akarudi nyumbani kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, Arusha. Huko alitengeneza chujio ambamo maji hupita kwenye mchanga na kwenye chembe za nano, zikanasa vijidudu na madini kama floraidi, ambayo imeharibu meno na mifupa ya watu wengi katika sehemu hizo. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, ambayo hutolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Alikuwa mtu wa kwanza kuipata. Kampuni aliyoianzisha aliipa jina la kijiji chake. Jina hilo lina funzo: msomi huyu hakusahau alikotoka.

Wala Kenya haikukosa mwanzo. Mwaka 2012, katika Chuo cha Chepkoilel mjini Eldoret, ambacho mwaka uliofuata kilikuwa Chuo Kikuu cha Eldoret, walikutana vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika na wataalamu kutoka ng'ambo. Walijifunza kutumia kompyuta kukokotoa jinsi elektroni zinavyokaa ndani ya maada. Mafunzo hayo yalikuwa yameanzia Afrika Kusini mwaka 2010. Katika mkutano wa namna hiyo, mwalimu na mwanafunzi hula meza moja, wakafanya hesabu pamoja, na aliyekwama akasaidiwa na mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Utafiti hustawi pale watu wanapoishi kama jamaa, wala hausitawi pale kila mmoja anapojifungia chumbani na vitabu vyake.

Basi kasoro iko wapi? Kwanza ni fedha. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliahidi asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Ahadi hiyo haijatimizwa. Mwaka 2024 wahadhiri walilazimika kugoma ili kudai haki yao. Mtu asiye na hakika ya mshahara atapimaje chembe asiyoiona kwa macho?

Pili, na hili halihitaji fedha nyingi, ni ukuta ulio baina ya chuo na kijiji. Magharibi ya Kenya sasa ina vyuo vyake, Masinde Muliro kule Kakamega na Kibabii, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015, papa hapa Bungoma. Twauliza: ni chemchemi ngapi za jirani ambazo maji yake yamepimwa na wanafunzi, na majibu yakasomwa barazani mbele ya wanaoyanywa, kwa lugha wanayoielewa?

Mwananchi naye ana haki ya kuuliza maswali magumu. Wakazi wa Webuye wangali wanaikumbuka harufu ya kiwanda cha karatasi kilichofungwa mwaka 2009. Wanajua kwamba kiwanda chaweza kuleta ajira na uchafu kwa pamoja. Chembe za nano nazo zikimwagwa mtoni ovyo zaweza kudhuru viumbe. Kwa hiyo wanakijiji washirikishwe tangu mwanzo, wasiletewe habari mambo yakiwa yamekwisha.

Rai yetu ni hii. Serikali Kuu itimize sheria iliyoipitisha yenyewe. Serikali za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zishirikiane na vyuo kupima maji ya vijiji, na zitoe ufadhili kwa vijana wachache wa sayansi kila mwaka, kwa sharti kwamba utafiti wao uguse maisha ya nyumbani. Walimu wakuu nao wawapeleke wanafunzi wao kwenye maabara za vyuo, ili msichana wa Misikhu ajue mapema kwamba mlango ule si wa wageni.

Siku mama yule atakapojua kwa hakika kilichomo ndani ya mtungi wake, ndipo tutakapokubali kwamba vyuo vyetu vimetufaa.