Kabla Uuze Friji, Tafuta Stoo

Kuna tangazo naliona kila mwisho wa mwezi kwa magrupu ya mtaa: "Nahama, vitu vyote vinaenda leo." Friji, meko, kitanda, hadi mapazia. Ukisoma vizuri unajua maisha yamempiga huyo mtu. Kazi imeisha, ndoa imevunjika, ama amepata kazi Qatar na amepewa wiki mbili za kujipanga. Na wanunuzi wanajua ana haraka. Ndio maana anapewa bei ya kutupa.

Mimi nilikuwa huyo mtu. Kandarasi iliisha, kodi ya Kasarani ikanishinda, nikarudi Kakamega. Niliuza friji, meko na kitanda kwa 15,000. Kitu kimoja tu kilinishinda kuuza: cherehani ya marehemu mama. Jamaa alikuja na noti mkononi, na kusema ukweli nilikuwa na njaa. Nikamwambia imeshachukuliwa.

Nikaiacha kwa rafiki yangu. Yeye mwenyewe anaishi bedsita. Miezi miwili ya kwanza, sawa. Halafu mpenzi wake akahamia pale, cherehani ikatolewa kwa korido, ikanyeshewa. Nilimpigia simu na matusi. Akaniuliza, "Kwani umewahi nilipa hata bob moja?" Hatujaongea tena.

Mimi naona alikuwa na haki. Nairobi mtu analipia kila futi ya hiyo bedsita, na sisi tunamletea makochi yetu ati kwa sababu ni beshte.

Wengi tunadhani stoo za kukodi ni za wazungu na mabalozi. Lakini ni chumba tu: unalipa kwa mwezi, unafunga na kufuli yako, unaenda. Dada yangu aliposafiri kwenda Qatar, yeye na wenzake wawili walichukua moja ya 6,000, kila mtu 2,000. Sasa piga hesabu yangu. Niliporudi Nairobi baada ya miezi 5, vile vitu vitatu nilivinunua upya kwa 41,000. Nilipoteza 26,000. Kwa mpango wa dada yangu ningelipa 10,000 na friji bado ingekuwa yangu.

Si kila kitu kinafaa kuwekwa, lakini. Godoro limekwisha, uza ama gawa. Na kama hujui utarudi lini, hapo stoo itakula pesa yako polepole hadi ipite bei ya vitu vyenyewe. Jiwekee mwezi wa mwisho kabla hujalipa wa kwanza. Friji ikaushe kabisa na uache mlango wazi kidogo, la sivyo utakuta ukungu na harufu ya ajabu. Piga picha ya kila kitu. Mtungi wa gesi usibebe, mahali pengi watakukatalia, na wako sawa, moto ni moto.

Cherehani niliichukua mwenyewe. Gurudumu lilikuwa limeshika kutu, fundi akalisafisha, sasa inashona, ingawa inapiga kelele kuliko zamani. Juzi nilikaa nikahesabu: miezi 5, hata kama ni 1,000 kwa mwezi, huyo beshte ananidai msamaha na 5,000. Namba yake ya M-Pesa bado ninayo. Sijatuma bado.