MAARIFA YA VITU: PALADI

Gari la petroli lipitalo hapa Keroka kuelekea Sotik huenda limechukua mali asiyoijua mwenyewe. Mali hiyo ni paladi, nayo imo katika chombo cha kusafisha moshi, chini ya gari.

Metali hii iligunduliwa na Mwingereza William Hyde Wollaston mwaka 1802. Ni nyeupe kama fedha, wala haipati kutu upesi. Uzito wake ni mara 12 ya maji, nayo huyeyuka kwa digrii 1,555. Ajabu yake kubwa ni kumeza haidrojeni hata mara 900 ya ukubwa wake.

Moshi ukipita, paladi husaidia kuigeuza kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kuwa kaboni dayoksaidi. Yenyewe hailiki kama kuni ziliwavyo na moto.

Basi fundi akikuambia kwamba chombo hicho hakina faida, akikate akuwekee bomba tupu, usikubali. Wako wanunuzi wa vyuma vikuukuu waijuao thamani yake. Ukikiuza kwa bei ya chuma, umepunja mfuko wako, na akina mama wauzao ndizi kando ya barabara watavuta sumu yako.